Ukigundua kitu, ukipeleke wapi kwanza?

"Shikamoo mwalimu. Vimekufa vyote."

Ndivyo alivyoingia ofisini kwangu mwanafunzi wa uzamili ninayemsimamia, Ijumaa moja saa kumi jioni, simu mkononi. Kwenye picha kulikuwa na vikombe vyeupe vya plastiki vimepangwa juu ya meza ya maabara, kila kimoja na viluwiluwi 25 vya mbu, vyote vimelala chini kabisa kama vipande vya uzi mweusi. Dawa aliitoa kwenye majani ya mti unaojiotea huko kwao: akayakausha kivulini, akayatwanga, akayaloweka kwenye ethanoli siku tatu, akachuja. Ndani ya saa 24 hakikubaki hata kimoja.

Sijamaliza "marahaba" maswali yakaanza kumiminika. Aandike makala apeleke kwenye jarida? Aiweke mtandaoni usiku huohuo asije akawahiwa? Mjomba wake kamwambia asimwonyeshe mtu yeyote mpaka apate hataza (patent, haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako). Na kuna rafiki yake wa redio anataka kuja na kinasa sauti Jumatatu.

Maswali haya nimeshaulizwa mara nyingi, kwa hiyo nayaandika hapa kwa ajili ya wengine pia. Sitajifanya sina upande. Kila mlango wa kutolea ugunduzi mimi huupima kwa swali moja: humo ndani nitakutana lini na mtu asiyenijua wala kunidai, mwenye uwezo wa kurudia nilichokifanya akanionyesha nilipokosea? Mlango unaonikutanisha naye mapema naupenda. Unaonificha naye nauogopa, hata kama una zulia jekundu.

Kikombe ambacho hakikuwepo

Kabla ya mlango wowote nilimuuliza swali dogo: kikombe chenye ethanoli tupu kiko wapi? Akanionyesha kikombe cha maji matupu, viluwiluwi hai wanacheza. Hapana, nikamwambia, nataka kile chenye maji na ethanoli kiasi kilekile ulichotia kwenye dawa, bila jani. Akanyamaza. Hakikuwepo. Ethanoli peke yake, ikizidi, inaua viluwiluwi vizuri tu, na kwa picha ile hakuna awezaye kusema kilichoua ni jani au ni kimiminika kilicholibeba.

Nikamsimulia kisa cha John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi. Mwaka 2013 alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali ya kuvu-mwani (laikeni) inayoua seli za saratani, akaipa mwandishi wa kubuni kutoka taasisi ya kubuni ya Asmara, akabadilisha majina kidogokidogo na kuituma kwa majarida 304 yanayosomwa bure mtandaoni. Kasoro aliipachika waziwazi: seli zilizopewa dawa zilipewa na ethanoli, zile za kulinganishia hazikupewa. Kasoro ileile ya vikombe vyetu! Majarida 157 yaliikubali.

Mwanafunzi wangu alicheka, halafu akaacha kucheka.

Redio, au tangazo la moja kwa moja

Huu naumaliza haraka kwa sababu ndio ulio wazi kuliko yote na ndio mbaya kuliko yote, ukiufungua kwanza. Wanaokusikiliza redioni ni wengi, ila hakuna hata mmoja anayeweza kukukosoa hapohapo. Kitu pekee unachoulizwa ni dawa itapatikana lini.

Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotokana na interferoni alfa (protini ya kinga ya mwili) kwa kiwango kidogo sana, ya kumung'unya mdomoni. Ilitangazwa na Rais Moi mwenyewe. Utafiti ulikuwepo, ila haukuwa na kundi la wagonjwa waliopewa kidonge kitupu ili kulinganisha. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda ambalo mgonjwa wala daktari hakujua nani kapewa dawa na nani kapewa kitupu, hayakuona faida. Ni kikombe cha ethanoli kilekile, safari hii kimekosekana kwa binadamu.

Msidhani ni ugonjwa wa Afrika. Tarehe 23 Machi 1989, Stanley Pons na Martin Fleischmann waliita waandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, wakatangaza kuwa wameunganisha viini vya atomu kwenye chupa ya maji mazito (yenye hidrojeni nzito), mezani, kwa joto la kawaida. Maabara kote duniani zikaanza kujaribu kwa kubahatisha, vipimo vikiokotwa kwenye faksi na picha za televisheni. Bunge la jimbo lilitenga dola milioni 5. Kufikia mwanzoni mwa Mei, katika mkutano wa wanafizikia mjini Baltimore, walioshindwa kupata matokeo yale walikuwa wameshajaza ukumbi.

Redio ina zamu yake, nayo ni ya mwisho.

Jarida lenye wahakiki

Huu ndio mlango ambao vyuo vyetu vinauhesabu. Bila makala kwenye jarida hupandi cheo, na vyuo vingine havikupi shahada ya uzamivu. Unatuma, mhariri anaangalia kama inafaa, akiona inafaa anawapa watu wawili au watatu wa fani yako, nao wanaisoma na kuandika kasoro. Unajibu, unarekebisha, unatuma tena. Miezi sita ukiwa na bahati. Mwaka si ajabu.

Watu huzungumzia uhakiki huu kana kwamba ulishuka na sayansi yenyewe. Jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, lilianza mwaka 1665, lakini desturi ya kupeleka kila makala kwa wahakiki wa nje ni ya juzijuzi tu. Jarida la Nature lililifanya jambo hilo kuwa la lazima mwaka 1973. Makala ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA, ya mwaka 1953, haikupita kwa mhakiki yeyote.

Je, wahariri na wahakiki wanajua kuhukumu? Visa viwili, na vyote viwili ni vya kweli. Mwaka 1937 Hans Krebs aliipelekea Nature barua fupi juu ya mzunguko wa kemikali ambao seli hutumia kupata nguvu kutoka kwenye chakula. Ikarudishwa: tunazo barua za kutosha kwa wiki kadhaa zijazo. Akaipeleka kwenye jarida la Uholanzi lililoitwa Enzymologia, na mwaka 1953 akapewa Nobel kwa kazi hiyohiyo. Leo kila anayesoma biolojia kidato cha tano anaukariri mzunguko wa Krebs. Kisa cha pili kinaelekea upande mwingine. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walituma makala Physical Review wakidai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri akampa mhakiki, mhakiki akaona kosa. Einstein alikasirika kwamba makala yake imeonyeshwa mtu kabla ya kuchapishwa, akaiondoa, wala hakulitumia tena jarida hilo kwa kazi zake za utafiti. Mhakiki alikuwa sahihi. Makala ilipotoka mwaka 1937 kwingineko, hitimisho lilikuwa limegeuzwa.

Kwa hiyo ukikataliwa, soma maoni mara mbili kabla ya kujiita Krebs. Wengi wetu ni Einstein wa 1936, bila ule umaarufu.

Wahakiki wana udhaifu mmoja ambao hauondoki: wanasoma karatasi, hawaingii maabara. Ukiwadanganya kwa ustadi, hawana njia ya kujua. Andrew Wakefield alichapisha kwenye The Lancet mwaka 1998 makala ya watoto 12 tu, akihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Ilichukua mpaka 2010 jarida kuiondoa rasmi. Hiyo ni miaka 12, na jarida lenyewe ni miongoni mwa yanayoheshimiwa kuliko yote. Hata bila udanganyifu, makala iliyopitishwa bado haijathibitishwa. Kundi la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimeshachapishwa, likatoa ripoti mwaka 2015: karibu zote zilikuwa zimedai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, ziliporudiwa yakaonekana kwenye takriban asilimia 36.

Ukichagua mlango huu, chagua pia aina ya jarida, maana majarida hayaulizi swali moja. Mengine yanauliza: je, ni jipya na ni kubwa? Mengine, PLOS ONE likiwa mfano tangu 2006, yanauliza: je, limefanywa sawasawa? Kama dawa yako ya viluwiluwi ni ya 40 kupatikana kutoka kwenye jani fulani, aina ya kwanza itakurudisha siku tatu baadaye na barua ya heshima. Ya pili itakusoma. Kuna na eLife, ambalo tangu 2023 liliacha kukubali na kukataa: ikishapelekwa kwa wahakiki, makala inatoka pamoja na maoni yao, msomaji ajionee. Mimi napenda utaratibu huo, ingawa kamati za vyeo hazijui ziuhesabu vipi.

Halafu pesa. Nature ilipoanza kuruhusu makala zake zisomwe bure, ada kwa mwandishi iliwekwa euro 9,500. Majarida ya kawaida ni nafuu kuliko hapo, bado ni mishahara ya miezi. Wachapishaji wengi husamehe au kupunguza ada kwa watafiti wa nchi zenye kipato cha chini, lakini lazima uombe wakati wa kutuma. Ukingoja ankara ije, mara nyingi umechelewa.

Na kuna yale majarida ya uongo. Barua pepe inakuita profesa mashuhuri wakati hata uzamivu hujaanza. Mimi mwenyewe niliwahi kuliwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilituma makala Jumatatu, Ijumaa ikakubaliwa "bila marekebisho", nikakopa SACCOS dola mia tatu. Wiki iliyofuata jina langu lilikuwa mtandaoni limekosewa herufi mbili, na chini ya makala yangu ya vimelea kulikuwa na makala ya ujenzi wa madaraja. Sikuweza kuiondoa wala kuipeleka kwingine. Data nzuri, miezi 14 ya kazi, zikazikwa pale. Siku hizi nikiona jarida linalokubali ndani ya wiki moja nafunga kompyuta.

Nakala ya awali

Wenyewe wanaiita priprinti. Unaweka makala yako kwenye hazina ya mtandaoni kabla haijahakikiwa, ikiwa na tarehe, jina lako, na kila anayetaka aisome bure. Wanafizikia walianza na arXiv mwaka 1991. Wanabiolojia wakafuata na bioRxiv mwaka 2013, madaktari na medRxiv mwaka 2019. Hulipi kitu, na ndani ya siku chache makala iko hewani.

Linganisha na jarida kwa swali langu lilelile. Kwenye jarida unakutana na wakosoaji wawili, kwa siri, baada ya miezi. Huku unaweza kukutana nao mia kesho, au usikutane na hata mmoja. Hapo ndipo penye ukweli mchungu. Makala nyingi za priprinti hazipati maoni yoyote. Mlango uko wazi, ukumbi mtupu.

Ukumbi ukijaa, lakini, mambo huenda mbio. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini waliweka arXiv makala wakidai kwamba kitu chao, LK-99, kinapitisha umeme bila ukinzani wowote kwa joto la kawaida la chumba. Namna ya kukitengeneza ilikuwa imeandikwa humo. Maabara za China, India, Marekani na Ulaya zikakipika, na kufikia katikati ya Agosti zilikuwa zimeonyesha kwamba maajabu yale yalitokana na uchafu wa salfidi ya shaba uliobaki ndani. Liweke kando ya tukio la Utah. Muda uliotumika haukupishana sana. Kilichopishana ni kwamba safari hii waliorudia jaribio walikuwa na maelezo mkononi badala ya picha za televisheni, na walipomaliza walijua pia kosa lilikuwa nini.

Upande wa pili yuko Grigori Perelman wa Urusi. Mwaka 2002 na 2003 aliweka arXiv makala tatu zenye uthibitisho wa dhana ya Poincaré, fumbo la hisabati lililokuwa na umri wa karibu miaka mia. Hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Wenzake walikaa miaka kadhaa wakizipitia mstari kwa mstari mpaka wakaridhika. Akakataa nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2006, akakataa na zawadi ya dola milioni moja mwaka 2010. Sishauri mtu amuige, hasa kwenye hiyo milioni, lakini anaonyesha kwamba hukumu haiko kwenye muhuri wa jarida.

Hofu ya kuwahiwa ndiyo inayowasukuma vijana wengi huku, na si hofu ya kipuuzi. Charles Darwin alikaa na wazo lake la uteuzi wa asili karibu miaka 20. Mwaka 1858 ikamfikia barua kutoka visiwa vya mashariki ya mbali: Alfred Russel Wallace, mwenye wazo lilelile. Marafiki wa Darwin wakapanga kazi za wote wawili zisomwe pamoja London tarehe 1 Julai. Wallace mwenyewe hakuulizwa, alikuwa mbali. Leo wangeweza kuangalia tarehe ya priprinti tu.

Tahadhari mbili. Kwa jambo linalogusa dawa na wagonjwa, gazeti litaichukua priprinti yako na kuiandika kama hukumu, na hapo umerudi kwenye mlango wa redio bila kujua. Ya pili naieleza kwenye hataza, maana ndiyo inayouma.

Ukumbi, bango na swali

Mlango huu hata mwanafunzi wangu hakuutaja, na ndio ninaoupenda. Mkutano wa kitaaluma unakobandika bango la kazi yako, semina ya idara, mhadhara wa mgeni. Hauhesabiwi sana kwenye cheo. Hauna ada kubwa ukipata wa hapa nyumbani. Na ndipo mahali pekee ambapo mkosoaji anasimama mbele yako na unaona uso wake.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wananunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wanayachemsha, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo na wote wanaigombea. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuchemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Walipofungua baadaye, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa, haliwezekani.

Sasa angalieni alichofanya huyu kijana. Likizo alikutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu mjini Tanga, akagundua kwamba huyo huweka mchanganyiko ukiwa moto kwa makusudi, kwa kuwa hivyo ndivyo unavyoganda haraka, maarifa aliyopewa na kaka yake. Yaani wakosoaji wake wa kwanza waliojua kitu walikuwa wauza aiskrimu. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alipofundisha kanuni ya Newton ya kupoa aliuliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likaufanya utani huo kuwa wimbo. Akajirudishia jaribio kwa bika mbili za maji.

Ndipo akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akatoa mhadhara na kuruhusu maswali. Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi sawa, kimoja kikiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, ila alisema akirudi Dar atajaribu. Akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Hiyo kauli ya fundi mimi huwasomea wanafunzi kila mwaka. Alikuwa na jibu mkononi, bado analingoja lile la kitabuni.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education. Mpemba wakati huo alikuwa Mweka, karibu na Moshi, akisomea wanyamapori, na huko ndiko maisha yake ya kazi yalikoelekea. Hukumu je? Haijafungwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima kwa uangalifu, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha, na kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kukuletea "athari ya Mpemba" isiyokuwepo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer walionyesha jambo la aina hiyo kwa njia tofauti kabisa, wakitumia chembe ndogo mno ndani ya maji. Swali la mwanafunzi bado linaajiri watu.

Angalia na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alianza kuona watoto wenye uvimbe wa taya usio wa kawaida. Akachapisha mwaka 1958 kwenye jarida la upasuaji la Uingereza, na makala ikapita karibu kimyakimya: waliosoma jarida lile walikuwa wapasuaji, na jambo lenyewe halikuwa la kisu. Machi 1961 akatoa mhadhara London, hospitali ya Middlesex. Ukumbini alikuwemo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, aliyeliona tangazo ukutani. Burkitt alionyesha kwamba uvimbe ule unafuata joto na mvua, na Epstein akawaza kirusi. Mwaka huohuo Burkitt na wenzake wawili walisafiri wiki kumi kwa gari kuukuu, karibu kilomita 16,000, kutoka Kampala kushuka mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine nani ameuona uvimbe huu na nani hajauona. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Makala yake ilikuwa imekaa kwenye jarida zuri, mbele ya wasomaji wasiohusika. Saa moja mbele ya mtu anayehusika ilifanya kazi ambayo karatasi haikuifanya kwa miaka mitatu.

Hataza

Mjomba hakukosea kabisa. Ila hataza inahukumu kitu kingine. Mkaguzi anauliza: je, ni kipya, hakijawahi kuwekwa wazi popote? Je, kina hatua ya ubunifu ambayo mtaalamu wa kawaida asingeifikia tu? Je, kinafaa kutumika viwandani? Hakuna mahali anapofuga mbu na kurudia jaribio lako. Kwa hiyo "ina hataza" kwenye boksi la dawa haina maana kwamba imethibitika kufanya kazi, hata kama muuzaji anaitamka kwa sauti nene.

Mtego wenyewe uko kwenye hilo neno "kipya". Ukishaweka priprinti, ukishatoa bango kwenye mkutano, ukishahojiwa redioni na kueleza namna unavyoitengeneza, umejichafulia upya wako mwenyewe. Marekani wanakupa miezi 12 ya neema baada ya kutangaza mwenyewe. Ulaya kwa kawaida hawakupi. Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha mbinu ya kuunganisha vipande vya DNA mwaka 1973, ombi la hataza likapelekwa Novemba 1974, mwaka ukielekea kutimia. Haki za Marekani walizipata, na vyuo vyao vilikusanya takriban dola milioni 255 kwa miaka yake yote. Haki za nchi nyingine zilikuwa zimeshakwenda. César Milstein na Georges Köhler kule Cambridge walichapisha mbinu ya kingamwili za aina moja mwaka 1975, na hakuna aliyeiwekea hataza. Wao walipata Nobel mwaka 1984, viwanda vikapata fedha.

Kwa dawa ya majani kuna mtego wa pili, na ni wa kwetu. Mwarobaini. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa matumizi ya mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea. Wahindi wakasema: hilo wakulima wetu wanalijua toka zamani. Ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikatupwa mwaka 2005. Nikamuuliza mwanafunzi wangu: huo mti, bibi yako anautumia kwa nini? Akasema wanachoma majani yake jioni kufukuza mbu. Basi kudai umegundua kwamba mti unachukiwa na mbu haiwezekani, kijiji kizima kitakucheka. Kinachoweza kuwa kipya ni namna yake ya kuutoa ule mchanganyiko, au kemikali mahususi iliyomo, kama itapatikana. Na hapo lazima liulizwe swali la nani atagawana nini na hicho kijiji.

Ofisi ni BRELA kwa Tanzania Bara na KIPI kwa Kenya. ARIPO, yenye makao Harare, inakuwezesha kuomba kwa nchi kadhaa kwa ombi moja. Kuna ada ya kuomba na kuna ada ya kila mwaka ya kuilinda, na bila mtu wa kuitumia hataza inabaki fremu ukutani. Soma pia sera ya chuo chako kabla ya kusema "yangu".

Nani achague nini

Kama ulicho nacho ni maarifa matupu, hakuna wa kukinunua wala kiwanda cha kukitengeneza, achana na hataza. Nenda ukumbini kwanza, halafu priprinti, halafu jarida linalouliza kama kazi imefanywa sawasawa. Kama fani yako ina wapinzani wanaokimbia sambamba nawe, geuza: priprinti leo, ukumbi baadaye. Hisabati na fizikia ndivyo wanavyoishi.

Kama kinaweza kuuzwa, mdomo ufungwe mpaka ombi la hataza lipokelewe. Kulipeleka tu kunatosha, huhitaji kungoja hataza yenyewe itoke miaka kadhaa baadaye. Siku inayofuata unaweza kuongea.

Kama kinahusu tiba ya mtu, jarida lenye wahakiki na kibali cha maadili, hata kama unachelewa. Hapa sibishani.

Na kama una haraka ya kupandishwa cheo, najua utakwenda kwenye jarida vyovyote nitakavyosema. Angalau usilipe kabla hujasoma makala tatu walizochapisha mwezi uliopita.

Mwanafunzi wangu alirudi maabara Jumamosi. Safari hii vikombe vinne vya kila aina, viluwiluwi 100 kwa jumla kila upande: dawa ya kiwango cha chini, ethanoli tupu, maji matupu. Jumapili asubuhi nikapata ujumbe wenye namba tu. Dawa 78. Ethanoli 12. Maji 0. Ukitoa vilivyouawa na ethanoli kwa kanuni ya Abbott, yaani 78 toa 12, gawanya kwa 88 (100 toa 12), unabaki na asilimia 75. Chini akaandika: "Si vyote mwalimu."

Si vyote, lakini 75 hiyo ni ya jani. Rafiki wa redio ameambiwa asubiri mvua zipite, hajaambiwa za mwaka gani. Kwenye mkutano wa Septemba bango lake limeshakubaliwa, na Jumatano hii, kabla halijabandikwa popote, tuna miadi ghorofa ya chini kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia hataza. Nimemwambia aje na daftari la maabara, siyo simu.